Je, chuo cha ualimu Marekani kinaweza kunidai imani yangu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilifundisha shule ya msingi Tanga kabla ya kuhamia Minnesota, ambako sasa natunza wazee. Nimepata nafasi chuo kikuu cha serikali kusomea leseni ya ualimu. Kwenye kundi letu la WhatsApp wengine wanasema vyuo vya ualimu vya huku vinatia watu kasumba, unasainishwa kwamba unakubali mambo ya jinsia yaliyo kinyume na dini, na ukibisha unafukuzwa. Wengine wanasema huo ni uzushi wa wanasiasa wa mrengo wa kulia. Mimi ni Mwislamu, nataka kufundisha watoto, sitaki ugomvi na mtu. Ukweli ni upi? Na nikikataa kusaini kitu, nitapoteza nafasi? – Mama Z., Brooklyn Park

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Nianze na linalokunyima usingizi. Chuo kikuu cha serikali hakina ruhusa ya kukufukuza kwa sababu ya unachoamini. Kinaweza kukufukuza kwa kushindwa kazi ya ualimu. Mvutano wote upo hapo katikati, kwa sababu kwa miaka zaidi ya ishirini wamekuwapo watu wanaojaribu kuichomeka imani ndani ya orodha ya kazi. Walianza wa mrengo wa kushoto, na siku hizi wa kulia nao wamejifunza mchezo huo vizuri sana.

Maneno ya kwenye kundi lenu yana chanzo, na sehemu yake kubwa ilitokea hapohapo jirani yako. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Minnesota kilikuwa kinafumua mafunzo yake ya ualimu na kuyashona upya. Msukumo, pamoja na fedha, ulitoka Bush Foundation ya St. Paul (msiichanganye na marais wa jina hilo, ni mali iliyoachwa na tajiri mmoja wa kampuni ya 3M), ambayo Desemba mwaka huo ilitangaza dola milioni 40 kwa vyuo 14 vya Minnesota na majimbo mawili ya Dakota. Kitivo cha elimu kiliunda vikundi kazi kadhaa, kimojawapo cha rangi, utamaduni, tabaka na jinsia.

Kikundi hicho kiliandika rasimu yake katikati ya mwaka. Humo kilipendekeza kwamba mwalimu mtarajiwa aweze kuzungumzia historia yake mwenyewe na fikra zake za sasa kwa kutumia dhana za upendeleo anaopata Mzungu, mfumo dume, desturi ya kuona mapenzi ya mume na mke kuwa ndiyo kawaida pekee, na dhuluma iliyozama moyoni mwa mdhulumiwa mwenyewe. Kama hilo halikutosha, kilipendekeza pia uwepo utaratibu wa kuwashughulikia watakaoshindwa kufikia matarajio hayo, ukiwamo mpango wa kuwarekebisha.

Mwezi Novemba mwandishi wa safu wa gazeti la Star Tribune, Katherine Kersten, aliianika rasimu hiyo. Siku chache baadaye FIRE, shirika la kutetea uhuru wa kusema vyuoni lililoanzishwa Philadelphia mwaka 1999, lilimwandikia barua rais wa chuo, Robert Bruininks. Kabla mwaka haujaisha mwanasheria mkuu wa chuo, Mark Rotenberg, alijibu kwa maandishi kwamba chuo hakitalazimisha imani yoyote wala kuwachuja watu kwa kuwa na imani zinazoonekana si sahihi. Hapo rasimu ikapoa, lakini habari zake zilikuwa zimeshasambaa nchi nzima, na hadi leo watu wa Minnesota wanaisimulia kana kwamba ilikuwa sheria iliyopitishwa. Haikuwa. Yalikuwa mapendekezo ya kikundi kazi kimoja.

Na mimi msimamo wangu ni huu: mada ilikuwa sahihi, mtihani ndio uliokuwa mbaya. Walimu wa Minnesota zaidi ya asilimia 90 ni Wazungu, na kwa sasa zaidi ya theluthi moja ya wanafunzi si Wazungu. Kijana aliyekulia kijiji cha wakulima wa mahindi huko magharibi mwa jimbo anapangiwa shule ya karibu na Cedar-Riverside, Minneapolis, akakuta darasa lenye watoto wa Kisomali ambao wazazi wao walipita Dadaab na Eastleigh. Hajui kwa nini mvulana amejilaza kwenye dawati mchana wa Ramadhani. Hajui kwa nini msichana hampi mkono mwalimu wa kiume, wala kwa nini mzazi anayeitwa shuleni anakuja na shangazi na mjomba. Kumfundisha hayo ni wajibu wa chuo, na chuo kisichomfundisha kimekula ada yake bure. Lakini kumfundisha ni jambo moja. Kumketisha aungame kwamba yeye binafsi ni mwenye hatia ya aina fulani, kisha umpe alama kwa ubora wa toba yake, ni jambo jingine kabisa.

Mtihani huo haukubuniwa Minnesota. Baraza la taifa lililokuwa likitoa ithibati kwa vyuo vya ualimu, NCATE, lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuvitaka vyuo vipime mambo matatu kwa mwalimu mtarajiwa: maarifa, stadi, na kile nitakachokiita mwelekeo, yaani jinsi anavyowachukulia wanafunzi na kazi yake. Kwenye maelezo ya mwelekeo, NCATE ilitaja kwa mfano kujali, usawa, ukweli, uwajibikaji na haki ya kijamii. Manne ya kwanza hayakumuudhi mtu. La tano lilizua balaa, kwa sababu haki ya kijamii kwa mtu mmoja ni kumlisha mwenye njaa, na kwa mwingine ni ilani nzima ya chama. Juni 2006, kwenye kikao cha serikali kuu kilichokuwa kikipitia hadhi ya NCATE, rais wake Arthur Wise alikubali kuyaondoa maneno hayo. Vyuo vingi havikungoja NCATE iwaambie waendelee au waache. Fomu za kupima mwelekeo zilikuwa zimeshachapishwa, na zimebaki.

Nikueleze kisa kimoja ambacho mwalimu wa Tanzania atakielewa haraka kuliko Mmarekani. Le Moyne ni chuo cha Wajesuiti kilichopo Syracuse, New York. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya ualimu aliandika insha ya somo la usimamizi wa darasa mwaka 2004, akasema viboko vina nafasi yake shuleni na kwamba yeye haoni sababu ya elimu ya tamaduni nyingi. Alama aliyopata ni A ya kutoa (A-). Januari 2005 akaandikiwa barua kwamba hataendelea, kwa kuwa maono yake hayapatani na malengo ya programu. Akaenda mahakamani, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya jimbo ikaamuru arudishwe. Sababu yake haikuwa uhuru wa mawazo. Chuo kilikuwa kimeshampokea na kumsomesha, hivyo kilipaswa kufuata kanuni zake chenyewe za kumwondoa mwanafunzi, na hakikuzifuata.

Sasa fikiria: nyumbani kanuni zetu bado zinamruhusu mkuu wa shule kuchapa hadi viboko vinne na kuviandika kwenye daftari. Wewe umefundisha katika mfumo huo. Mkufunzi wako Minnesota akikuuliza kuhusu adhabu, ukweli wako utamshtua. Mimi sikushauri udanganye. Lakini ujue kwamba kusema “nimeona ikitumika, haya ndiyo niliyoyaona yakitokea kwa watoto, na hapa sheria inasema hivi” ni jibu la mwalimu mzoefu. Kusema tu “watoto wa huku wanahitaji fimbo” ni kujitafutia barua.

Kutokana na kisa hicho shika tofauti moja ya kisheria. Le Moyne ni chuo binafsi. Katiba ya Marekani inaifunga serikali, haikifungi chuo binafsi, na ndiyo maana yule bwana aliokolewa na kanuni za ndani tu. Chuo chako ni cha serikali, kwa hiyo una kinga nzito zaidi. Msingi wake ni hukumu ya Juni 1943 iliyotokana na watoto wa Mashahidi wa Yehova wa West Virginia waliokataa kuipigia bendera saluti. Jaji Robert Jackson aliandika kwamba hakuna afisa yeyote, mkubwa au mdogo, mwenye mamlaka ya kuamua lipi liwe sahihi katika siasa, utaifa au dini na kumlazimisha raia alikiri. Tena hiyo ilitolewa nchi ikiwa vitani.

Kinga hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe uliwekwa wazi Desemba 2015. Chuo Kikuu cha Hawaii kilimnyima mwanafunzi nafasi ya kwenda mazoezi ya kufundisha. Alikuwa ameandika kwamba mtu mzima kufanya mapenzi na mtoto kungepaswa kuruhusiwa kisheria ikiwa mtoto ameridhia, na alisema wanafunzi wengi wa elimu maalumu wanajisingizia tu. Juu ya hayo, ripoti zake za darasani zilikuwa mbaya. Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa ilikiunga mkono chuo, ikieleza kwamba uamuzi wake ulitegemea viwango vya kazi vilivyokuwa vimeandikwa na kujulikana, ulihusu kufaa kwake kufundisha tu, na ulikuwa hukumu ya busara ya wanataaluma. Kanda ya Tisa haitawali Minnesota, ambayo ipo chini ya Kanda ya Nane, lakini wanasheria wa vyuo kila mahali wanaisoma kesi hiyo. Nami naona mahakama ilipatia. Mzazi ana haki ya kujua kwamba anayemkabidhi mwanawe hana fikra za namna ile.

Nije kwenye kile utakachokutana nacho wewe hasa. Leseni ya Minnesota hutolewa na bodi iitwayo PELSB, iliyoanza kazi 2018 badala ya bodi ya zamani. Bodi hiyo ilipitia upya viwango vya mwalimu, vikavutaniwa sana kwenye vikao vya maoni mwaka 2022, na vyuo vilipewa hadi Julai 2025 kuvitekeleza. Utasoma chini ya viwango hivyo. Vingi vinadai uelewa: kwamba mwalimu afahamu nadharia mbalimbali za rangi, afahamu tofauti kati ya chuki, ubaguzi na upendeleo, na kadhalika. Hivyo visikusumbue. Mtu anaweza kuifahamu nadharia ya Karl Marx na kuifanyia mtihani vizuri bila kuwa mkomunisti.

Kipo kimoja ambacho ndicho WhatsApp yenu inakizungumzia. Kinataka mwalimu ajenge darasa ambamo utambulisho wa wanafunzi unathaminiwa na kuthibitishwa, kisha kinataja: rangi, taifa la asili, lugha, jinsia, utambulisho wa kijinsia, mwelekeo wa kimapenzi, ulemavu, tabaka, na imani ya dini. Wakosoaji, hasa vyuo vya Kikristo na wanasheria wa kihafidhina, wanasema hapo mwalimu anadaiwa kubariki anachokiona dhambi. Bodi inasema inazungumzia mwenendo darasani. Ninavyokisoma mimi, kimeandikwa kwa uzembe. Wangeweza kusema mwalimu amheshimu na amlinde kila mtoto bila kujali mambo hayo tisa, na nusu ya kelele isingekuwapo. Lakini tazama cha mwisho kwenye orodha. Kiwango hichohicho kinachokupa wasiwasi ndicho utakachomshikia mwalimu mwenzako atakayemcheka binti wa Kisomali kwa hijabu yake.

Kivitendo, kila mtoto aitwe kwa jina lake, asionewe mbele yako, familia yake isisemwe vibaya, na alama zake zitokane na kazi yake. Hayo hata dini yako inakuamuru. Penye ugumu wa kweli ni viwakilishi vya jinsia, maana Kiingereza kinatenganisha mwanamume na mwanamke kila sentensi, balaa ambalo Kiswahili kimetuepusha. Mahakama za huku bado zinavutana. Mwaka 2021 Kanda ya Sita ilimpa haki profesa mmoja wa Ohio aliyekataa kutumia kiwakilishi alichoombwa, ila mwalimu wa shule ya msingi si profesa, na shule inayokupokea kwa mazoezi inaweza kuwa na kanuni yake. Iulize kanuni hiyo kabla hujapangiwa, siyo wiki ya tatu mbele ya watoto.

Habari nyingine ya karibu nawe: St. Louis Park, kitongoji cha Minneapolis, familia za Kiislamu za Kisomali ziliomba watoto wao wasiwepo wakati vitabu vyenye mambo ya mashoga vinaposomwa, na baada ya mvutano wilaya ikawakubalia. Juni 2025 Mahakama ya Juu, kwa majaji sita dhidi ya watatu, iliwapa haki hiyo wazazi wa Montgomery County, Maryland, baadhi yao Waislamu. Kwa hiyo ukiwa mwalimu utatakiwa pia kujua jinsi ya kumtoa mtoto kwenye somo bila kumdhalilisha yeye wala mwenzake ambaye familia yake ndiyo imo kitabuni.

Kundi lenu linaamini kwamba mrengo mmoja tu ndio unaotia kasumba. Mwaka 2024 gavana wa Florida, Ron DeSantis, alitia saini sheria inayozikataza programu za ualimu kufundisha nadharia kwamba ubaguzi na ukandamizaji vimo ndani ya taasisi za Marekani. Hapo suala si kulazimishwa kuamini tu. Mkufunzi amezuiwa hata kukufundisha hoja hiyo. Februari 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilifuta ruzuku za mafunzo ya ualimu zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 600, ikisema zinaeneza itikadi za mgawanyiko, na Aprili Mahakama ya Juu kwa kura tano dhidi ya nne ikaiacha ifute wakati kesi ikiendelea. Agosti mwaka huo mkuu wa elimu wa Oklahoma wa wakati huo, Ryan Walters, alitangaza kuwa walimu wanaotoka California na New York watapewa mtihani wa kuchuja itikadi za kushoto. Ukirudi nyuma zaidi, New York ilikuwa na sheria ya 1949 ya kuwasaka wakomunisti mashuleni, na mwaka 1967 Mahakama ya Juu ikaivunja katika kesi iliyoletwa na wahadhiri wa Buffalo.

Kwa nini wote wanang'ang'ania chuo cha ualimu? Kwa sababu ni mlango mwembamba. Kubadili mitaala ya shule maelfu kunahitaji miaka na kelele za wazazi. Kubadili masharti ya leseni kunahitaji bodi moja, na kila mwalimu mpya atapita hapo. Waulize wazee wa nyumbani. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, zote za 1967, Siasa lilikuwa somo, na chuo cha ualimu ndicho kilichotarajiwa kutoa wajenzi wa Ujamaa. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, kijana wa kidato cha sita hakuingia chuo kikuu bila kufanya kazi kwanza na kupata mapendekezo yaliyopitia tawi la TANU. Wapo walimu bora sana waliotoka kwenye mfumo ule, nami nimefundishwa na baadhi yao. Wapo pia waliojifunza kusema “ndiyo” kwa sauti na “hapana” kwa tumbo, na hao ndio matunda ya kawaida ya kumpima mwalimu kwa imani.

Sasa la kusaini. Kabla hujalipa ada, omba kitabu cha mwongozo cha programu na fomu ya kupima mwelekeo. Vyote ni nyaraka za chuo cha serikali, hawana sababu ya kukunyima. Soma fomu ukiwa umetulia. Ikisema utawatendea wanafunzi wote kwa haki, utafika kwa wakati, utapokea maoni ya mlezi wako, saini bila kusita. Ikikudai ukiri kwamba unaamini jambo fulani, usisaini na usigombane. Andika barua pepe ya mistari minne kwa mratibu: unakubali kutenda hivi na hivi darasani, unaomba sentensi ile iandikwe upya ihusu utendaji. Inawezekana. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kilimtishia kumfukuza mwanafunzi wa ualimu, Mkristo mhafidhina, mpaka asaini mkataba na kuhudhuria mafunzo ya utofauti. FIRE ilipoingilia kati, chuo kiliacha vitisho na kuirekebisha fomu. FIRE haitozi pesa, na inawatetea watu wa mirengo yote.

Kwenye insha, ukiulizwa kuhusu upendeleo wako mwenyewe, ieleze kwanza nadharia kwa haki, hata kama huipendi. Kisha eleza ungeitumiaje, au kwa nini usingeitumia, kwenye somo la hesabu la darasa la nne. Mkufunzi mzuri atakupa alama kwa hilo hata kama hakubaliani nawe, na wengi wao ni wazuri, usiende ukiwaona wote maadui. Ukikutana na asiye mzuri, tunza kila karatasi yenye alama na maoni yake. Yule wa Le Moyne alikuwa na A yake mkononi alipokwenda kwa jaji.

Wengi wanaoanguka huangukia mazoezi ya kufundisha, na huangushwa na kuchelewa, maandalio mabovu na kutoelewana na mwalimu mlezi, mambo ambayo uliyaona Tanga na yanafanana kila mahali. Na kama hujaomba nakala za vyeti na matokeo yako ya chuo kutoka NECTA ili vikatathminiwe huku, omba wiki hii. Mimi ningehofia zaidi ucheleweshaji wa karatasi hizo kuliko fomu ya mwelekeo.